Waacheni Waimbe, Lakini Wimbo Uwe Wao

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Nairobi, unakata tambarare ya Kano mpaka Ahero, penye mashamba ya mpunga na daraja la Mto Nyando. Pale unaiacha njia ya Kisii ikaenda zake mkono wa kulia, nawe unashika ya Kericho. Mwendo mfupi tu, uko Awasi. Si mji wa kuandikiwa kitabu. Ni soko, maduka, bodaboda zilizojipanga kungoja abiria, na vumbi la malori. Lakini msomaji wangu wa Mombasa, Malindi au Lamu na anistahamilie, kwani ni huko Awasi, wala si kwetu, nilikoliona jambo ambalo sisi watu wa pwani tulipaswa kuwa tumelijua zamani kuliko wote.

Nilikwenda huko mwaka 2023 kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyepelekwa kufundisha katika shule moja ya msingi isiyo mbali na soko hilo. Mama yake hakuwa na raha. Mtoto wa kike, yuko peke yake, nchi ya mbali, anakula nini, anakaa na nani? Nikatumwa nikaone kwa macho yangu. Nilimkuta mzima wa afya, na majirani wakimwita kwa heshima, na omena anaipika vizuri hata akathubutu kunilisha. Na kwa kuwa mimi nami nimeshika chaki miaka mingi kabla ya kustaafu, siku ya pili nikamwomba ruhusa niketi nyuma ya darasa lake. Akacheka akasema, "Karibu, Mjomba, lakini usinikosoe mbele ya watoto."

Kabla ya kipindi chake kuanza, darasa la jirani lilikuwa likiimba. Wimbo wenyewe ni ule wa daraja la London linaloanguka, ambao sote tuliufundishwa tukiwa wadogo, na bila shaka waliotufundisha nao walifundishwa hivyo hivyo. Sauti zilikuwa nzuri mno. Watu wa Ziwa wamejaliwa sauti, hilo halina ubishi. Basi wakati wa mapumziko nikamwita mtoto mmoja miongoni mwa waimbaji wale, nikamwuliza kwa Kiswahili, "London ni nini?" Akafikiri kidogo, akanijibu kwa adabu, "Ni jina la wimbo." Nikamwuliza tena, daraja ni kitu gani kwa Kiingereza? Hakujua.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mtoto yule ni wa Kano, nchi ambayo Mto Nyando huifurikia mara kwa mara. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha watu majumbani mwao, na ya mwaka 2024 vilevile. Kama kuna mtoto duniani anayejua maana ya mto kukata njia ya watu, basi ni huyo. Naye amekwisha kuimba mara mia kuwa daraja linaanguka, kwa Kiingereza safi, bila ya kujua kuwa hilo ndilo analolisema.

Sasa sikiliza aliyoyafanya mpwa wangu. Wimbo alioingia nao darasani ulikuwa na lahani ya kubembelezea watoto wachanga, lahani ya Kijaluo, aliyoipata kwa bibi mmoja jirani yake ambaye jioni humtunza mjukuu kibarazani. Maneno aliyatia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, mepesi kabisa. Upande mmoja wa darasa unauliza: unakwenda wapi? Upande wa pili unajibu: ninakwenda sokoni Awasi. Utanunua nini? Nitanunua mchele. Nani amekutuma? Nyanya amenituma. Basi, hakuna zaidi. Lakini kila siku neno moja linabadilishwa. Leo ni mchele, kesho ni omena, keshokutwa ni sabuni. Leo ametuma nyanya, kesho ametuma mwalimu mkuu, na hapo watoto hucheka mpaka wakakaribia kuanguka madawatini.

Siku niliyokuwapo mimi ilikuwa siku ya kwenda jana. Ubaoni aliandika neno moja tu, 'went', akalipigia mstari. Waliosoma Kiingereza wanajua ugumu wa neno hilo. Lugha yetu ina utaratibu: ninakwenda, nilikwenda, nitakwenda, mzizi uko palepale na viambishi vinafanya kazi yao. Mwingereza yeye akienda leo ni 'go', akiwa alikwenda jana ni neno jingine kabisa ambalo halimfanani hata kwa jina la babu. Mtoto wa gredi ya pili ukimweleza hayo kwa kanuni atakukodolea macho. Lakini lahani ile ilikuwa na mahali pa silabi moja tu, na 'went' likaketi pale kama kofia kichwani. Baada ya kurudia mara nne hapakuwa na mtoto aliyekosea. Aliyekosea alijisikia mwenyewe kuwa amepotoka, kama mtu anavyojisikia akikosea mkwaju wa ngoma.

Liko jingine lililonifurahisha zaidi. Kiingereza kinamtenga mwanamume na mwanamke hata katika neno dogo kama yeye. Kiswahili hakina habari hiyo, na Kijaluo vilevile hakina; kwao ni 'en', awe baba awe mama. Ndiyo sababu mtoto wa Awasi na mtoto wa Kisauni wote wawili hawaoni aibu kumweleza mwalimu kuwa mama yangu 'he' amekwenda sokoni. Tena mtoto wa Awasi ana mzigo wa pili, maana sauti ya 'sh' haimo katika lugha yake, kwa hiyo neno 'she' lenyewe linamteleza ulimini. Tusimcheke. Sisi wa pwani tumeshindwa kulifunga neno la kigeni bila ya kulitilia irabu mkiani, ndipo tukapata benki na koti na blanketi. Basi mpwa wangu anawasimamisha wavulana, na wasichana wanaimba juu yao kwa 'he'. Kisha wasichana wanasimama, na wavulana wanaimba kwa 'she', na hiyo 'sh' wanaivuta kama mtu anayemnyamazisha mtoto aliye mgongoni. Wimbo ni wa kubembelezea, na sauti iliyo ngumu ikapata mahali pa asili pa kukaa. Sikuwahi kufikiria hila hiyo katika miaka yangu yote ya kazi.

Halafu, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, akausimamisha wimbo. Akasema, "Sasa hakuna kuimba." Akamwendea mtoto mmoja mmoja akimwuliza maswali yale yale kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyozungumza njiani. Alikuwako mvulana mmoja wa dawati la nyuma ambaye, kwa maelezo ya mpwa wangu, tangu Januari alikuwa hafungui kinywa katika kipindi cha Kiingereza hata kwa kutaja jina lake. Alipofikiwa, akanyamaza. Nikasema moyoni, huyu hatajibu. Mara akaanza kujibu nusu kwa kuimba nusu kwa kusema, lahani ikimponyoka midomoni bila ya yeye kutaka. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. Akajibu mara ya pili, na mara hii alisema tu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kuwa nyimbo darasani ni mapumziko. Mwalimu mkuu wa pale, mtu mwema ambaye alinikirimu vizuri, aliniambia faraghani kuwa binti yangu ni mchapakazi, ila darasa lake lina kelele, na mzazi mmoja alikuja kuuliza kama mtoto wake ameletwa kusoma au kucheza. Nilimjibu kwa hesabu. Kipindi katika madarasa ya chini ni dakika 30. Watoto mle ndani niliwahesabu wakawa 68. Ukimpa kila mmoja zamu ya kusema Kiingereza, na mwalimu asiseme neno, kila mtoto atapata sekunde 26 hivi. Ni lugha gani inayofunzwa kwa sekunde 26? Lakini wakiimba, vinywa vyote 68 vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Mwalimu mkuu akatabasamu akasema, "Mzee, hesabu hiyo sikuwahi kuipiga."

Na jambo lenyewe si dogo. Kwa siasa ya elimu ya Kenya mtoto wa mashambani anafundishwa kwa lugha ya mama katika miaka ya kwanza mitatu, na Kiingereza anakisoma kama somo mojawapo. Akifika gredi ya nne mambo yanapinduka: hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, kila kitu isipokuwa Kiswahili chenyewe. Aliyekipata Kiingereza anavuka. Asiyekipata haachi kuwa na akili, lakini kuanzia siku hiyo anahesabiwa kuwa hana. Hukaa nyuma, hunyamaza, na mwisho huonekana sokoni saa za masomo. Walimu wa Awasi wanamjua mtoto huyo, na walimu wa Kwale na Tana River wanamjua pia. Kwa hiyo tunaposema mbinu ya kumtia mtoto hamu ya Kiingereza, hatuzungumzii kumfurahisha. Tunazungumzia kama atavuka au atabaki ng'ambo ya mto.

Sasa nirudi kwetu. Nilisema kuwa sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili. Nani kati yetu hakukalishwa mkekani chuoni akaanza alifu, be, te kwa sauti ya kuvutana? Fataha, kasra na dhumma tulizipokea kwa mahadhi, wala hakuna aliyetueleza kanuni kwanza. Na waliokwenda mbele katika elimu wanajua kuwa sarufi yenyewe ya Kiarabu imefundishwa kwa mashairi tangu karne ya 13, kwa ile Alfiyya ya Ibn Malik yenye beti zipatazo elfu moja. Wanachuoni wa zamani hawakuwa watu wa kucheza. Walijua tu kuwa neno lililofungwa katika mizani halipotei njiani.

Lakini maalim wetu alikuwa na jambo la pili ambalo walimu wengi wa leo wameliacha. Baada ya kusoma pamoja, kila mtoto alikwenda mbele yake na juzuu yake, peke yake, akasikilizwa. Katika sauti ya wengi mvivu hujificha; anafungua kinywa kama samaki na hakitoki kitu. Mbele ya maalim hakuna pa kujificha. Kuimba pamoja na kusikilizwa peke yako ni mbavu mbili za mtumbwi mmoja. Mpwa wangu hakujifunza hila ile ya kuusimamisha wimbo katika chuo cha walimu. Aliitoa mkekani, ingawa nilipomwambia hivyo alishangaa, maana mwenyewe alikuwa hajatambua.

Na tuwe wakweli, sisi pia tunayo ile ila ya wimbo wa London. Tunazo kasida ambazo tunaziimba kwa hisia mpaka machozi, na tukiulizwa maana ya ubeti wa pili tunatazamana. Nakumbuka pia enzi za filamu za Kihindi, ambapo kijana wa Mji wa Kale aliweza kuimba wimbo mzima wa sinema bila ya kujua kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo. Wimbo humfundisha mtu lugha pale tu anapojua anasema nini. La sivyo, anakuwa kasuku, na kasuku hata akiwa hodari vipi haendi gredi ya tano.

Katika enzi hizo hizo alikuwako bingwa aliyetuonyesha njia, naye ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014. Wapo waliomlaumu kwa kuchukua lahani za sinema za Bombay. Mimi naona hapo ndipo penye ubingwa wake. Alichukua lahani ambayo masikio ya watu yalikwisha kuipenda, akaitilia maneno ya Kiswahili yenye maana nzito, na watu wakayabeba maneno hayo mpaka majumbani kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mwalimu wa Kiingereza na afanye lilo hilo kwa upande wa pili: achukue lahani ambayo mtoto ameilalia tangu utotoni, atie maneno mageni. Mtoto asibebeshwe mizigo miwili kwa mara moja, lahani ngeni na lugha ngeni, tena juu ya theluji ambayo hajaiona na mji ambao anadhani ni jina la wimbo.

Mtu asidhani kuwa haya ni mawazo ya binti mmoja na mjomba wake. Kenya yenyewe ilikwisha kuyajaribu kwa mpango mkubwa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, uliofanywa na Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na Wamarekani, kwa ajili ya madarasa matatu ya kwanza. Kila siku ya masomo redio ilifunguliwa kwa nusu saa. Redio inauliza, watoto wanajibu. Redio inasema simama, wanasimama. Redio inaimba, wanaimba. Watoto waliojifunza hivyo walipopimwa, walionekana kuwapita wenzao hasa katika kukisikia Kiingereza na kukielewa. Mradi ukaisha, na Kenya haikuuendeleza. Waliouendeleza ni Lesotho, kisha Afrika Kusini, ambako vipindi hivyo vilitengenezwa upya kwa ajili ya watoto wao. Mti tuliupanda sisi, kivuli wakakipata wengine. Ndiyo tabia yetu.

Na huko nje wataalamu wamelitazama jambo hili kwa mizani yao. Mwalimu mmoja wa New York, Carolyn Graham, alitoa kitabu mwaka 1978 cha kufundisha Kiingereza kwa mapigo ya jazi, maneno ya kila siku yakisemwa kwa mdundo, na walimu wa nchi nyingi wakamfuata. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, watafiti wakiongozwa na Karen Ludke waliwachukua watu wazima 60 wakawafunza sentensi za Kihangari kwa dakika 15, kundi moja kwa kusema, la pili kwa kusema kwa mapigo, la tatu kwa kuimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: walioimba waliwashinda wengine katika kuzisema sentensi hizo baadaye. Dakika 15 si mwaka wa masomo, na mtu mzima wa Edinburgh si mtoto wa Kano. Sitaki kuukuza utafiti huo kuliko ulivyo. Lakini anayesema kuimba ni kupoteza wakati, sasa ni juu yake kuleta ushahidi.

Najua kuna ndugu zangu watakaosoma mpaka hapa wakiwa na neno jingine kifuani. Watasema, muziki! Sisi tutawapeleka watoto wetu shule wakafundishwe muziki? Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa gazetini. Nitasema mawili tu. La kwanza, niliyoyasikia Awasi ni sauti za watoto na makofi. Hakuna gitaa wala kinanda. La pili, mabishano haya si mapya kwetu. Habib Saleh alipoileta Lamu ile maulidi ya Habshi ya Hadhramaut, walikuwako wazee wa heshima walioona si sawa matari kupigwa msikitini, na maneno yakawa makali. Leo Msikiti wa Riyadha unajulikana katika Afrika Mashariki yote, na maelfu huenda Lamu kila mwaka kwa ajili ya maulidi. Waliovutwa na matari walibaki kwa ajili ya darasa. Anayechelea ngoma na aiache ngoma, lakini asiitupe sauti pamoja nayo.

Pingamizi lililo na uzito zaidi kwangu ni la mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye nilipomsimulia haya alisema kuwa lahani ya Kijaluo itakipinda Kiingereza. Kiingereza, alisema, kina mkazo wake, na ukikiingiza katika wimbo wa kienyeji mkazo utaangukia mahali pabaya, na mtoto atasema hivyo maisha yake yote. Hapo ana haki. Nimesikia nyimbo za shule ambamo neno la Kiingereza limevutwa mkia mpaka likakosa kutambulikana. Lakini dawa yake iko mkononi mwa mwalimu, naye ni kuchagua maneno yanayolingana na lahani, si kulazimisha. Mpwa wangu aliniambia huacha nyimbo nyingi kuliko anazozitumia, kwa sababu hiyo hiyo. Na watoto wa Kijaluo wana jambo ambalo sisi hatuna: lugha yao ni ya toni, neno lile lile likipandishwa au kushushwa sauti linageuka maana. Masikio yao yamezoea kusikiliza kupanda na kushuka. Mwalimu anayejua hilo ana hazina mbele yake.

Na tukumbuke njia nyingine iliyotumika kabla, na ambayo bado haijafa kabisa. Nazungumzia kile kibao. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni: mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama shuleni alipigwa, au alivikwa kibao cha aibu shingoni, na watoto walipelelezana wao kwa wao. Mimi mwenyewe nimekivaa, katika shule ambayo sitaitaja, kwa kosa la kumwambia mwenzangu "ngoja". Kiswahili! Nilijifunza kitu kimoja siku ile, nacho ni kunyamaza. Wapo hata leo wanaodai kuwa kibao kilifundisha Kiingereza vizuri, na wao ni ushahidi. Mimi nawauliza tu, wale wenzetu waliokaa kimya dawati la nyuma wako wapi, na mbona wao hawaitwi kutoa ushahidi? Mvulana yule wa Awasi angevikwa kibao Januari, asingekuwa na wimbo wa kumponyoka Juni.

Basi lawama yangu si kwa walimu walio darasani, ambao wengi wanaimba wimbo wa London kwa sababu ndio waliopewa. Lawama ni kwa vyuo vya walimu na kwa wanaotunga vitabu. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia tangu mwaka 1927, na kila mwaka shule zinapeleka kwaya zilizofundishwa miezi, zikivaa sare nzuri, zikiimba kwa Kiingereza na kwa lugha za nchi. Uhodari upo, lahani zipo, wenye kuzijua wapo. Lakini kwaya ni watoto arobaini waliochaguliwa kwa sauti zao, na kombe likishapatikana linawekwa katika kabati la ofisi. Yule aliyekosa sauti nzuri, na ndiye huenda anayehitaji wimbo kuliko wote, amebaki darasani. Haingegharimu kitu mwanafunzi wa ualimu kutakiwa kukusanya lahani kumi za mahali atakapofundisha, kwa bibi na mama wa hapo, na kuzitilia maneno ya somo lake. Bibi yule wa kibarazani alipewa sukari kilo mbili kwa lahani yake, na alishangaa kulipwa kwa kitu kama hicho.

Siku ya kuondoka nilisindikizwa mpaka stendi. Mpwa wangu hakuniomba nauli wala hakuniagiza halua, aliniagiza lahani. Anasema za bibi jirani karibu zimekwisha, na watoto wake wameanza kumwuliza huko kwenu bahari kunaimbwaje. Nikamfundisha palepale, katikati ya honi za matatu, lahani moja tuliyoisomea siku za juma chuoni, naye akawa anaijaribu kwa majina ya Kiingereza. Jumatano ilimshinda, ni neno refu na lina herufi ambazo hazitamkwi. Sasa anataka lahani ya vugo, kwa ajili ya somo la hesabu za kuzidisha, na hapo mimi sifai, kwani vugo ni la akina mama. Nimemwahidi nitamtafutia. Kwa hiyo dada yangu unayesoma ukurasa huu, kama wewe ni mwimbaji wa vugo, Lamu au Mombasa, na unayo lahani yenye mwendo wa haraka na kiitikio kifupi, nakuomba uniletee salamu kwa njia ya mhariri.